Nusu ya pikipiki yangu iko kwenye maboksi

Fundi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Mbele yangu kuna pikipiki iliyo uchi, nyuma yangu kuna maboksi saba ya nguo zake.

Ni pikipiki ya spoti ya cc 600, silinda nne, ya kabureta, toleo la mwaka 1996. Ilikuwa ya mjomba. Mgongo ulipoanza kumsumbua aliifunika turubai akasema ataiwasha wiki ijayo, na wiki hiyo ikawa miaka tisa. Aliponipa nilimwahidi kwamba ataisikia tena ikinguruma. Huu ni mwezi wa kumi na nne sasa, na mjomba ameacha kuniuliza, jambo linaloniuma kuliko angeuliza.

Nilianza kwa pupa, nakiri. Jumamosi ya kwanza nilifungua kila kilichokubali kufunguka, bolti zote nikazitia kwenye ndoo moja. Bodi na tangi nikapiga msasa, nikapaka rangi nyekundu ileile ya asili, na sijisifu bure, zimetoka. Kila anayeingia anasimama kuzitazama. Nilipogeukia injini ndipo mambo yalipoharibika.

Kabureta nilizisafisha kwa dawa ya kupuliza bila kuzifungua, maana skrubu za chini ziligoma na mbili zikaliwa vichwa. Nikarudisha, nikaweka oili mpya, betri mpya, petroli mpya. Iliwaka! Ila ilikuwa inakohoa na haikai sailensa, yaani haingurumi taratibu bila kushikiwa mafuta. Nikalowanisha kidole nikagusa mabomba ya ekzosi moja moja: mawili ya moto, mawili baridi kama hayahusiki. Nikazima, nikalala. Asubuhi nakuta petroli imechuruzika sakafuni, na kile kioo cha kutazamia oili kimejaa mpaka juu, wakati mimi mwenyewe niliiweka katikati ya alama.

Fundi mmoja alipita, akasikiliza habari hii, hakugusa kitu, akasema ringi, zile pete za pistoni, zimekufa, uza vipuri. Mke wangu yeye hajasema niuze. Amesema tu kwamba chumba hiki zamani kilikuwa na meza.

Naomba unijibu mawili. Niendelee au niuze? Na je, nikiiwasha tena, naweza kuiendesha angalau mpaka getini na kurudi, nipate moyo? Tairi zina meno kama mpya, na breki ya mbele inashika. Kwa kweli inashika mno, gurudumu nikilizungusha kwa mkono halifikishi hata nusu mzunguko.

Mpwa wa Mjomba

*

Marahaba, mpwa.

Kabla ya lolote: usiguse stata. Nenda kachomoe waya hasi wa betri, halafu rudi uendelee kusoma.

Oili haizai. Kioo kikijaa chenyewe usiku, kilichoongezeka humo ni petroli. Ndani ya kila kabureta kuna boya dogo linaloelea juu ya mafuta. Mafuta yakipanda, boya linasukuma sindano nayo inaziba njia. Sindano yenye uchafu, au ambayo ncha yake imekakamaa kwa kukaa miaka tisa bila kulowa, haizibi sawasawa. Petroli inaendelea kushuka kutoka tangini kwa uzito wake. Nyingine inamwagika nje, ndiyo uliyoikuta sakafuni. Nyingine inaingia silinda ambayo vali yake ilikuwa wazi, inapenya pembeni mwa ringi, na kuishia kwenye oili.

Oili iliyokatwa na petroli inakuwa nyepesi na haiwezi kulinda krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo hata ingewaka vizuri ungekuwa unaisaga. Lakini kilichonifanya nikukatazie stata ni kingine. Kama kuna silinda ambayo bado ina petroli juu ya pistoni, stata itaipandisha pistoni hiyo kwa nguvu ikutane na kimiminika, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Kitakachopinda ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Hapo sasa yule aliyekuambia uuze vipuri atakuwa amesema kweli bila kujua.

Kwa hiyo funga koki, toa tangi, itoe pikipiki nje penye upepo, mbali na moto na mbali na kila kinachotoa cheche. Mwaga oili yote, toa na filta yake. Ng'oa plagi zote nne. Kisha fungua kifuniko kidogo cha pembeni kinachokufikisha kwenye bolti ya krenki, uzungushe injini kwa spana na mkono wako, taratibu, kwa upande ule inakozungukia ikiwa inawaka. Weka tambara juu ya matundu ya plagi kwa sababu kinachoweza kurukia jicho lako huko si maji. Mizunguko miwili kamili ya krenki ndiyo inayopitisha kila silinda hatua zake zote nne. Ikimaliza miwili bila kugota, pumua. Ikigota, acha hapohapo, usirefushe mkono wa spana.

Kuhusu ringi. Injini iliyolala miaka tisa ikaamka kwa betri na petroli, hata kama ni kwa silinda mbili, mimi siivishi sanda. Ringi hazihukumiwi kwa kusikiliza hadithi, zinapimwa. Ila usipime leo, maana petroli imeosha ule utando wa oili kwenye kuta za silinda na kipimo kitasoma chini hata kama ringi ni nzima. Weka matone machache ya oili safi katika kila tundu la plagi, izungushe kwa mkono, iache ilale. Siku ya kupima, plagi zote ziwe nje, betri imejaa, na mkono wa mafuta uvutwe mpaka mwisho, kwani watu wengi husahau hilo na injini ikanyimwa hewa wakati wa kupimwa. Mimi huangalia zaidi kama silinda nne zinakaribiana kuliko namba yenyewe. Ukikuta moja iko chini sana, itie oili kijiko kimoja upime tena: ikipanda, shida ni ringi, ikibaki palepale, tazama vali.

Sasa mabomba yako mawili ya baridi. Umenipa habari nzuri ukaikatiza kabla ya utamu wake, kwa sababu hukusema ni mabomba yapi. Silinda zinahesabiwa kuanzia kushoto ukiwa umekaa kwenye siti. Injini nyingi za silinda nne za miaka ile zina koili mbili tu za kutengeneza umeme wa plagi, moja inalisha silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Kama baridi zilikuwa jozi mojawapo ya hizo, nashuku koili, au waya wake, au soketi iliyoota ukungu wa kijani. Kama zilikuwa 1 na 2, au 3 na 4, au mchanganyiko mwingine wowote, umeme naupa nafasi ndogo na kidole nakielekeza kwenye kabureta.

Ambazo utazifungua kwa vyovyote. Kupuliza dawa kwa nje ni kumwosha mgonjwa uso.

Nianze na zile skrubu zilizoliwa vichwa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mkono wao ni mzito. Kosa si mkono. Skrubu za nyota kwenye pikipiki za Kijapani za umri huo zilitengenezwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Kwa macho zinafanana na nyota ya kawaida, lakini ncha ya bisibisi ya kawaida haifiki chini. Inakaa juu juu, na ukikaza mkono inapanda na kula kichwa. Nyingi zina kidoti kidogo kilichochongwa kichwani. Tafuta bisibisi ya JIS, idondoshe ndani uone inavyokaa bila kucheza. Kwa zile mbili zilizokwisha kuliwa, weka dawa ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, kisha tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ile inayozunguka yenyewe kila inapopigwa. Ukizitoa usizirudishe. Weka mpya zenye tundu la pembe sita ili siku nyingine usilie tena.

Usizitenganishe kabureta nne kutoka kwenye fremu yake kama hakuna mpira unaovuja katikati. Fungua vikombe vya chini. Utakuta petroli ya zamani imegeuka gundi ya kahawia yenye harufu kama ya vanishi, na uelewe kwamba gundi hiyohiyo imo ndani ya jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupimia petroli. Jeti ya sailensa ina tundu lisilofika hata nusu milimita. Ishike juu uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha: ukiona nukta ya mwanga ya duara kamili, iko safi, ukiona mwezi mwandamo, bado, usipoona kitu, umepata sababu ya pikipiki kutokaa sailensa. Usiichokoe kwa waya wa chuma. Shaba ya jeti ni laini, ukilipanua tundu hilo hakuna marekebisho yatakayokurudisha ulikotoka. Tumia unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, au uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, kisha dawa, kisha upepo.

Toa kila mpira kabla ya dawa kuingia. Juu ya kila kabureta, chini ya kile kifuniko cheusi, kuna ngozi nyembamba ya mpira inayopandisha silaidi, kile kipande kinachofungua njia ya hewa. Dawa ya kabureta inaivimbisha na kuilegeza, na ikitoboka silinda hiyo haitavuta. Itanue kidogo kwa vidole mbele ya taa utafute tundu. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli izungushe kwanza kwenda ndani mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uitoe. Sindano za boya na mipira yake nunua mpya zote nne bila kujadiliana na nafsi. Kimo cha boya kipime kama kitabu cha fundi cha modeli yako kinavyosema, na kama huna kitabu hicho, kitafute kabla ya kununua kitu kingine chochote. Zikisharudi na injini ikapata joto, zitasawazishwa kwa geji za vakyumu ili nne zivute sawa. Hiyo ni kazi ya saa moja na haihitaji maelezo marefu.

Ila kabureta safi chini ya tangi lenye kutu ni kazi bure. Wiki mbili utarudi palepale. Ingiza tochi yako tangini, si ile inayochemka wala kutoa cheche. Ukiona unga mwekundu, tangi linahitaji kulowekwa kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, kisha lisuuzwe kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, likaushwe haraka kwa hewa ya moto, na lipakwe oili nyepesi ndani saa ileile, la sivyo kutu changa hutokea ukiwa unatazama. Kabla ya hayo yote mvuke wa petroli uwe umekwisha kabisa. Na hapa, mpwa, ile rangi yako nzuri itakutia wasiwasi, maana kila tone la asidi litataka kuionja. Zungushia mdomo wa tangi plastiki na gundi ya karatasi. Sisemi ulikosea kuipenda rangi, nami niliwahi kupaka kwanza na nikafungua baadaye, tena tangi lenyewe lilikuwa jeusi lenye kung'aa ambalo halisamehi hata alama ya kidole.

Sasa getini. Hapana.

Umeandika kwamba breki inashika, kisha ukajisahihisha kwamba inashika mno, na hilo la pili ndilo sahihi. Breki isiyoachia si breki nzima. Mafuta ya breki, DOT 4 kwa mfano, hufyonza unyevu hewani. Ndiyo maana vitabu vingi vya Kijapani vinataka yabadilishwe kila miaka 2 na mipira ya kupitishia mafuta hayo kila miaka 4. Yako yamekaa tisa, na mipira inawezekana ni ya 1996. Unyevu huo hufanya chumvi nyeupe ngumu kwenye mfereji wa sili ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski, nyuma ya sili, mahali usipopaona mpaka uifungue. Chumvi inaisukuma sili, sili inaibana pistoni, pistoni hairudi. Ukienda nayo getini, diski itapata moto, mafuta yatachemka, na gurudumu litajikamata wakati ukiwa umeshatabasamu.

Toa pistoni kwa kuzisukuma na mkono wa breki wenyewe kabla hujafungua mpira wowote. Presha ya mafuta ni ya upole kuliko kompresa, na vidole vikae mbali. Kwangua mfereji wa sili kwa kijiti au kipande cha shaba, kamwe si kwa bisibisi. Pistoni iliyochimbika na kutu mahali sili inapopita haisafishwi, inabadilishwa. Halafu panda juu kwenye masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na mkono wa breki. Chini ya kikopo cha mafuta kuna matundu mawili, moja kubwa na moja dogo kama limetobolewa kwa sindano. Hilo dogo ndilo linalorudisha mafuta ukiachia mkono wa breki. Likiziba, breki inabaki imeshika hata kama kalipa ni mpya. Watu wamebadilisha kalipa mbili nzima kwa sababu ya tundu hilo. Weka sili mpya, mipira mipya (ile yenye wavu wa chuma ni bora kama mfuko unaruhusu), mafuta mapya kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo, toa upepo mpaka mkono wa breki uwe mgumu. Ndoo ya maji iwe karibu, maana mafuta ya breki yanakula rangi, na nimeshakuambia nahofia nini.

Tairi zenye meno kama mpya hazinipi furaha. Pembeni mwa tairi tafuta herufi DOT, na mwisho wa mstari kuna tarakimu nne: 3512 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Pikipiki iliyofunikwa miaka tisa ina tairi zaidi ya miaka tisa. Mpira wake umekuwa mgumu, na spoti huinamishwa. Toa zote mbili. Ukiwa umeziondoa, zungusha beringi za magurudumu kwa kidole, geuza usukani kushoto na kulia usikilize kama kuna mahali panaponasa katikati, vuta cheni nyuma ya sproketi uone inaachana kiasi gani, na tazama shokapu za mbele kama zina oili inayotiririka kuelekea breki. Maji ya rejeta badilisha. Oili mpya ya injini iwe yenye alama ya JASO MA, kwa kuwa klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze.

Na ile ndoo ya bolti. Hiyo ndiyo iliyokula miezi yako kumi na minne, si injini. Ukifungua kila kitu siku moja, kila siku inayofuata unaanza na fumbo, na mtu aliyechoka hafungui fumbo, anakwenda kupiga msasa. Kuanzia sasa fungua mfumo mmoja, umalize, uufunge, ndipo ugeukie mwingine. Breki kwanza, kabureta na tangi pili, umeme tatu. Kwa vifuniko vya injini, chora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi, toboa matundu palepale bolti zilipo, chomeka kila bolti mahali pake. Bolti hizo hazilingani urefu hata kama zinafanana, na bolti ndefu ikikazwa kwenye tundu fupi itapasua alumini. Ya ndoo itakubidi uipange kwa urefu na uzi mezani. Hapo mke wako ana hoja kuhusu meza.

Kuuza au kuendelea: chukua karatasi za pikipiki ulinganishe namba na ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Kisha tazama vile vizuizi vya usukani, vile vinundu vya chuma vinavyogota kwenye fremu ukikata kona mpaka mwisho. Vikiwa vimepondeka au fremu ina ufa karibu navyo, ilishaanguka vibaya, na mimi nisingetia hata shilingi yangu. Kama namba ziko sawa na fremu ni nzima, endelea, ila ujue ukweli huu mapema: sili, tairi, cheni, mipira na muda wako vitazidi thamani ya spoti ya aina hiyo inayotembea. Anayetaka pikipiki tu angenunua iliyo hai. Wewe unataka ya mjomba.

Tena mwite. Usingoje iwake. Mpe boksi moja na kiti, mwombe akutajie ni bolti zipi za wapi. Aliyeishi na pikipiki hiyo kabla ya turubai anakumbuka mengi kuliko anavyodhani.

Ukishatoa plagi, zipange kwenye karatasi kwa namba zake, 1 mpaka 4, uniandikie zipi zimelowa, zipi nyeusi kavu, zipi kahawia. Na usisahau yale mabomba mawili.

Fundi